Watoto Watatu wa Gerwin Kalthoff

Wiki iliyopita niliwaacha mezani, kwenye chumba cha baraza la wafanyakazi, macho ya watu saba yakiwa usoni kwangu. Kwa ambaye hakuwepo nitasema kwa kifupi, maana aibu ukiirefusha inazidi kunuka.

Mimi ni Heiner Brockmann, mjane wa miaka sitini na moja. Thelathini na minane kati ya hiyo nimeimaliza kwenye kiwanda cha mbao pale Sennebeck. Tunachukua chembechembe za mti, tunazitia gundi, tunazibana kwa moto, inatoka mbao bapa kama meza. Watu wanaita mbao za maskini, lakini fungua kabati lolote la jikoni Ujerumani nzima, ndani utatukuta sisi.

Sasa watu wameacha kujenga. Asiyejenga nyumba hanunui jiko, na asiyenunua jiko hana haja na Heiner. Kwanza walitupunguzia saa za kazi. Kisha wakasema Mtambo wa Pili unazimwa, na watu arobaini wataondoka nao.

Kwetu mwenye kiwanda haruhusiwi kunyoosha kidole tu akasema wewe nje. Kila mtu anahesabiwa pointi: umri wake, miaka yake ya kazi, watoto wake, ulemavu kama anao. Mwenye pointi chache ndiye anayetangulia mlangoni. Na orodha hiyo lazima ipite kwetu barazani tuikague. Mimi ndiye katibu wa baraza.

Mtu wa arobaini kwenye orodha, wa mwisho kuondoka, alikuwa Gerwin Kalthoff, fundi wa Mtambo wa Pili, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Umri arobaini na moja. Kazi miaka kumi na mitano. Watoto: sifuri.

Mtu wa arobaini na moja, aliyenusurika kwa pointi mbili, alikuwa Torben, mume wa Wiebke, binti yangu wa pekee. Wiebke ana mimba ya miezi saba.

Gerwin ana watoto watatu. Wa mwisho, Ronja, nilimshika mimi mwenyewe siku ya ubatizo wake. Mimi ndiye baba yake wa ubatizo.

Basi Bibi Dornseif, meneja wa utumishi, akavua miwani yake akauliza, "Kwenye kadi ya kodi ya Kalthoff hakuna mtoto hata mmoja. Lakini kuna mtu kantini alinidokeza kwamba anao. Heiner, wewe ni jirani yake. Kalthoff ana watoto?"

Hapo ndipo nilipowaacha. Mlikaa wiki nzima mkidhani labda Heiner atakuwa mwanaume.

Nilisema, "Sina habari."

Maneno mawili tu, ndugu zangu. Sikutetemeka. Hata kikombe changu cha kahawa hakikutikisika.

Bibi Dornseif akarudisha miwani. "Basi tunafuata kadi."

Gudrun Siekmann, mwenyekiti wetu, aliniangalia kwa muda. Yeye anatoka upande wa maghala na anakaa mji mwingine kabisa. Wengine wote pia si watu wa kijijini kwetu. Kama mimi nimesema sina habari, nani angesema anayo?

Na hii kadi ya kodi ina kisa chake. Marlies, mke wa Gerwin, ni mkuu wa wauguzi hospitali ya wilaya, na mshahara wake unaupita wa mumewe mbali. Kwetu mwenye mshahara mkubwa ndiye anayeandikiwa watoto kwenye kadi, ili kodi inayokatwa familia ipungue. Kwa hiyo kwa Marlies watoto watatu, kwa Gerwin sifuri. Ni halali kabisa. Lakini Gerwin alikuwa anaona haya.

Aliniambia siri hiyo miaka sita iliyopita, tukipunguza miti ya ua.

"Mzee," akasema, maana ananiita Mzee tangu siku nilipomfundisha kuusikiliza mtambo kwa sikio, "mke wangu ndiye anayelisha nyumba. Wale mabwege wa zamu ya usiku wakijua, watanivalisha aproni. Ukimwambia mtu nakuchinja."

"Nichinje," nikamwambia. "Simwambii mtu."

Kwa hiyo pale mezani nilijidanganya kwamba namtunzia rafiki siri yake. Eti! Siri ilikuwa mshahara wa mkewe. Watoto hawakuwa siri. Watoto wanapiga mpira kwenye ukuta wangu kila jioni.

Sasa sikilizeni ujinga wangu ulivyo na mapembe. Wakati mdomo wangu unasema sina habari, mkono wangu ulikuwa unaandika. Miaka kumi na miwili nimekuwa katibu, na mkono umezoea. Sisi watu wa huku jambo lisipoandikwa tunaona kama halikutokea. Kwa hiyo niliandika:

"Mjumbe Brockmann, jirani wa Kalthoff, aliulizwa kama Kalthoff ana watoto. Alijibu kwamba hana habari."

Jioni ile nikazipiga chapa kumbukumbu, nikatia sahihi, Gudrun naye akatia yake, zikaingia kwenye jalada. Mwizi mwenye akili anafuta alama za vidole. Mimi zangu nilizipiga muhuri na tarehe juu.

Baraza lilikuwa na wiki moja ya kupinga jina lolote. Kila asubuhi niliamka nikisema leo nampigia Bibi Dornseif simu. Siku ya tatu nilishika simu kabisa. Ikaingia ya Wiebke.

"Baba, mtoto amepiga teke leo, Torben kalisikia kwa mkono! Baba, unalia?"

"Mafua," nikasema.

Nikaiweka simu mfukoni. Wiki ikaisha.

Jumatano iliyofuata barua za kuachishwa kazi zikatoka. Saa kumi jioni nilisikia lango dogo la ua likilia, lile ambalo mimi na Gerwin tulilitengeneza kwa mabaki ya mbao ili tusizunguke barabarani. Aliingia jikoni kwangu na bahasha mkononi. Hakubisha hodi, hajawahi kubisha.

"Mimi ni wa arobaini, Mzee," akasema. "Arobaini kati ya arobaini. Hata bahati nasibu sijawahi kushinda, leo nimeshinda hii."

Nikamwekea kiti. Nikamkatia mkate na nyama ya nguruwe ya moshi, kwa sababu mikono yangu ilitaka kazi.

"Hii ni mara ya pili," akasema. "Kile kiwanda cha makabati ya nguo kilinifia mikononi. Nikasema nihamie kwenye mbao zenyewe, kabati zinakufa lakini mbao zitatakiwa daima. Akili yangu hiyo!"

"Nyakati mbaya, Gerwin."

"Nyakati mbaya, ndiyo. Lakini niambie kitu kimoja. Wewe ulikuwemo barazani. Pointi zangu zilikuwa sawa?"

Ndugu zangu, Mungu alinipa nafasi ya pili. Kaiweka mezani kwangu, katikati ya mkate na siagi.

"Mambo ya barazani ni siri," nikasema. "Nimekula kiapo."

"Najua, najua. Sikuulizi siri. Nakuuliza kama rafiki. Mimi sijui kusoma makaratasi haya. Marlies anasema niende mahakama ya kazi. Anasema nina wiki tatu tu, zikipita hata mungu wa wanasheria hawezi kunisaidia. Niende au nisiende?"

Na mimi, baba wa ubatizo wa mwanawe, nikafungua mdomo.

"Utapoteza muda," nikasema. "Mawakili watakula wao. Chukua kiinua mgongo chako, tafuta kazi kwingine. Wewe bado kijana."

Akafikiri. Akatafuna mkate polepole. Halafu akanipiga bega.

"Sawa. Wewe ukisema hivyo nimekubali. Marlies atapiga kelele, lakini Marlies hajui kiwanda."

Akaondoka na bahasha yake. Lango likalia. Mimi nikabaki nikiosha sahani yake, mara mbili.

Siku zikaenda. Kiwanda kikasimama wiki mbili za Pasaka kwa kukosa oda, na kikao cha baraza hakikukaa. Nilifurahi. Nilifikiri mambo yakinyamaziwa vya kutosha yanaoza yenyewe na kupotea. Kumbe kilichokuwa kinaoza ni mimi.

Jumapili baada ya Pasaka, Ronja alipokea komunyo ya kwanza. Gauni jeupe, taji la maua kichwani, meno mawili ya mbele hayapo. Kwetu baba wa ubatizo ndiye anayemwashia mtoto mshumaa. Nilipouwasha nikauinamisha mno upande wake.

"Mjomba Heiner," akaninong'oneza, "usiniunguze nywele."

"Siwezi kukuunguza, kipenzi."

Nilisema hivyo kanisani, mbele ya altare.

Baada ya misa tulikula kwa akina Kalthoff: supu, nyama ya kuoka, kisha keki tatu za siagi ambazo Marlies alikesha akizipamba. Wiebke na Torben nao walialikwa. Marlies alinipa mkono, lakini macho yake yalikuwa makavu.

"Umemshauri mume wangu asiende mahakamani," akasema.

"Nilimwambia ninavyoona."

"Mimi naona kuna mkono wa mtu. Mtu mwenye watoto watatu awe wa kuondoka, asiye na mtoto abaki? Kikulacho ki nguoni mwako, Heiner. Sijui nguo gani tu."

"Marlies, acha, leo sikukuu," Gerwin akaita kutoka mezani. Akasimama na glasi ya bia. "Jamani! Nataka kusema neno. Watu wananiuliza mbona sijakonda. Sijakonda kwa sababu nina jirani. Pale barazani kulikuwa na mtu mmoja tu wa kunipigania, na ni huyu hapa. Hakufanikiwa, lakini alinipigania. Mzee, afya yako!"

Watu wakanyanyua glasi. Ronja akanyanyua juisi yake ya tofaa.

Nilikunywa. Mtu afanye nini? Nilikunywa yote nikaomba nyingine.

Nikatoka nje kupata hewa. Torben akanifuata mpaka nyuma ya banda la baiskeli, chupa mbili mkononi, uso wa mtu mwenye jambo.

"Baba, nina habari. Usikasirike."

"Sema."

"Nimepata kazi. Kile kiwanda cha magari ya jeshi kule Kassel. Naanza Julai. Huko oda ziko mpaka wanakataa."

Sikumwelewa. "Kazi gani? Wewe una kazi. Umebaki."

"Nimebaki kwenye nini, Baba? Mtambo wa Kwanza wenyewe una kikohozi. Mimi nilianza kutafuta tangu Januari. Nilisaini mwezi wa tatu, kabla hata orodha haijatoka."

"Kabla?"

"Kabla." Akacheka kwa uchungu, akaigonga chupa yake kwenye yangu. "Na nikwambie kitu? Nilikuwa naomba Mungu niwemo kwenye orodha. Ningeondoka na kiinua mgongo, ningemnunulia Wiebke gari la kubebea watoto. Sasa naacha mwenyewe, natoka mikono mitupu. Wanasema nilikosa kwa pointi mbili. Nina bahati ya mbwa mimi!"



"Kwa nini hukuniambia, Torben? Mimi baba mkwe wako!"

"Wewe ni mtu wa baraza. Unabanwa na siri. Sikutaka kukuweka pabaya."

Hakutaka kuniweka pabaya! Jamani, nilitaka kucheka, ikatoka sauti kama ya punda. Nimemuuza rafiki yangu ili nimnunulie mkwe wangu kiti ambacho mwenyewe alikuwa ameshanyanyuka kukiacha. Na Gerwin, aliyekitaka kiti kile kwa moyo wote, nimemwambia aende zake nyumbani kimya kimya.

Nikahesabu kwa vidole nyuma ya banda. Barua ilitoka Jumatano. Wiki tatu zinaisha Jumatano. Zimebaki siku tatu. Akifika mahakamani kabla ya hapo, na mtu mmoja akasema kwamba kiwanda kiliuliza habari za watoto na kikajibiwa uongo, Gerwin anabaki kazini. Asipofika, basi, mlango umefungwa na funguo zimetupwa mtoni.

Nikarudi ndani nimekusudia kabisa. Nikamshika Gerwin mkono.

"Nataka kusema na wewe. Pembeni."

"Sasa hivi? Twende."

Tukafika mlangoni. Ronja akaja mbio, taji limemkaa upande, mshumaa mkononi.

"Baba! Mjomba Heiner! Bibi yangu anataka picha. Mimi katikati, Baba huku, baba wa ubatizo huku."

Tukapigwa picha. Gerwin akanikumbatia bega. Mpiga picha akasema tucheke, tukacheka. Ile picha ninayo hapa ninapoandika, na sipendi kuiangalia.

"Ulikuwa unataka kusema nini?" Gerwin akaniuliza baadaye.

"Aah," nikasema. "Keki ya Marlies nzuri mno."

Nipigeni mawe. Mna haki.

Jumatatu nilijiambia kesho. Kesho kuna kikao, baada ya kikao namwendea Gerwin kwenye mtambo, namwambia yote, atakuwa bado na siku nzima. Nilipanga maneno kama mtoto wa shule anayeenda kusema shairi. Nililala nikiwa nimetulia kidogo, eti kwa sababu nimepanga.

Jumanne saa tatu asubuhi nikaingia chumba cha baraza. Gudrun alikuwa ameshaweka nakala za kumbukumbu mbele ya kila kiti. Bibi Dornseif hakuwepo, vikao vya kawaida haji. Kiti cha Ottmar kilicho pembeni yangu kilikuwa kitupu.

"Ottmar mgongo umemshika," Gudrun akasema. "Haji wiki hii yote."

"Pole yake. Basi tuko sita."

"Tuko saba. Nimemwita wa akiba."

Kwetu mjumbe akiugua, aliyemfuatia kwa kura za uchaguzi ndiye anayemkalia kiti. Nilikuwa najua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Mimi ndiye niliyeziandika hizo kura.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Gerwin, shati safi, nywele zimelowa maji, kalamu imechomekwa mfukoni.

"Mnanifukuza na bado mnanitumikisha," akasema, watu wakacheka. "Mwenyekiti, mimi ni halali hapa?"

"Wewe ni mfanyakazi wetu mpaka mwisho wa Oktoba," Gudrun akasema. "Kaa."

Akakaa pembeni yangu. Akanigusa kiwiko. "Mzee, unanuka jasho. Kulikoni?"

"Joto."

"Joto lipi? Madirisha yako wazi."

Gudrun akagonga meza. "Tunaanza kama kawaida. Heiner, kumbukumbu za kikao kilichopita."

Nikakohoa. "Napendekeza leo tuzichukue kama zimesomwa. Kila mtu ana nakala yake."

Gudrun akanikazia macho. "Tangu lini? Si wewe uliyetuwekea sheria hii? Ule mwaka wa ugomvi wa saa za ziada ulisema, nakumbuka mpaka leo, kumbukumbu isiyosomwa kwa sauti ni uvumi. Haya, soma."

Ni kweli. Nilisema hivyo, na nilijisifu kwa ajili yake mwaka mzima.

Nikaanza kusoma. Gerwin akavuta nakala yake, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Yeye husoma kwa kidole. Mtambo anausikiliza kwa sikio, lakini karatasi lazima aishike, la sivyo maneno yanamtoroka.

Nikasoma ajenda ya kwanza. Chembe za mti zimepanda bei, kwa kuwa viwanda vya kupasua magogo vimelala. Hakuna anayeezeka paa, kwa hiyo hakuna anayepasua magogo, kwa hiyo hakuna unga wa mbao. Kidole cha Gerwin kilitembea na mimi.

Nikasoma ajenda ya pili. Gesi ya kukaushia chembe. Mbao kutoka Poland zinazofika mlangoni kwa mteja wetu kwa bei ambayo sisi hatuwezi hata kununulia gundi. Kiwanda cha jikoni cha mji wa jirani kimepunguza oda kwa nusu. Gerwin akaguna. "Yote kweli," akasema chini chini.

Nikafika ajenda ya tatu. Orodha ya watu arobaini.

Niliuona mstari ule ukija. Ulikuwa wa nne kutoka chini.  Nikasoma wa sita, nikasoma wa tano. Halafu macho yangu yakaruka, na sauti ikaruka nayo, nikatua kwenye mstari uliofuata: "Bibi Dornseif akasema basi inafuatwa kadi ya kodi. Kikao kikakubali."



"Mzee," Gerwin akasema, "umeruka mstari."

"Sijaruka."

"Umeruka. Kidole changu kiko hapa, wewe uko kule." Akasogeza karatasi yake mbele yangu. Alikuwa anatabasamu, alifikiri ni uzee. "Macho yako hayo. Nilikwambia tangu mwaka jana uende kwa daktari wa macho."

"Rudi nyuma, Heiner," Gudrun akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa anasoma nakala yake, na alishafika pale. "Rudi nyuma usome."

Nikaisogeza karatasi karibu na uso, nikaiweka tena mezani. 

"Mwacheni, nitamsaidia," Gerwin akasema. Akainama juu ya karatasi, akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikisukuma kila neno kama mtu anayesukuma mkokoteni. "Mjumbe Brockmann, jirani wa Kalthoff." Akasimama. "Kalthoff? Mbona nimo humu?"

 Gudrun alikuwa ameshika kichwa.

"Aliulizwa," Gerwin akaendelea, polepole zaidi, "kama Kalthoff ana watoto." Tabasamu lilikuwa bado limebaki upande mmoja wa mdomo wake, halijapata habari. "Alijibu..."

Kidole kikasimama. Jibu lilikuwa chini ya kidole chake, maneno machache tu, na chini zaidi sahihi yangu. Hakulitazama. Aliinua uso akanitazama mimi, kwa macho yale yale ya Ronja.

"Ulijibu nini, Mzee?"